Sekunde 12 za Kuvuka Barabara: Majibu kwa Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka pande zote za mji wetu wa Mombasa, kuanzia Mikindani hadi Shanzu, na takriban zote zinalia kilio kimoja: barabara zimepanuliwa na kulainishwa, magari yameongeza mbio, lakini anayevuka kwa miguu, hasa mtoto aliyebeba mkoba mgongoni, amebaki na miguu yake ile ile. Nimechagua barua sita. Baadhi nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kwa sababu wengi wao waliomba iwe hivyo.

*Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 8 na yuko Gredi ya 3. Sisi tunaishi Bamburi, na shule yake iko ng'ambo ya barabara kuu ya Malindi. Tangu aanze shule nimekuwa nikimvusha mwenyewe, lakini sasa nimepata kibarua kinachonilazimu kutoka nyumbani kabla ya alfajiri. Majirani wananiambia kwamba mtoto wa miaka 8 ni mkubwa, nimfundishe kuangalia kulia na kushoto kisha nimwache ajizoeshe. Je, nimfundishe vipi ili niwe na utulivu wa moyo?* — Mama wa Bamburi

Mama, hongera kwa kupata kazi. Jibu langu halitakufurahisha: barabara ile usimwache aivuke peke yake, hata akiwa hodari wa masomo na mtiifu wa kupigiwa mfano. Tatizo haliko kwenye utiifu. Mtoto wa umri huo bado hajapevuka katika uwezo wa kukadiria mwendo wa gari linalomjia. Yeye hupima umbali peke yake, kwa hivyo gari lililo mbali analihesabu kuwa salama, liwe linakwenda polepole au linakuja kwa mbio za kutisha. Uwezo wa kuunganisha umbali na mwendo, kisha kuamua kwa haraka, hukomaa taratibu, na kwa watoto wengi hauaminiki kabla ya kufikia umri wa miaka 9, 10 au hata zaidi. Ongeza hapo kimo chake, kwani gari dogo tu lililoegeshwa kando linatosha kumzibia asione, na kumficha asionekane.

Tufanye hesabu kidogo, maana naona majirani zako hawajaifanya. Njia nne za magari, kila moja ikiwa na upana wa mita 3.5, ni mita 14 za kuvuka, bila kuhesabu nafasi ya katikati. Mtu mzima anayetembea mwendo wa kawaida huenda mita 1.2 kwa sekunde, kwa hivyo anahitaji sekunde 12 hivi. Katika muda huo, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa huwa limekata mita 200. Maana yake ni kwamba mwanao, ambaye hatua zake ni fupi kuliko zako, anatakiwa asimame ukingoni, aangalie umbali unaokaribia urefu wa viwanja viwili vya mpira, tena upande wa kulia na wa kushoto kwa wakati mmoja, kisha aamue kama gari analoliona kama nukta litamfikia au halitamfikia. Mimi mwenyewe, kwa umri wangu na miwani yangu, sina hakika kwamba ningefaulu mtihani huo kila asubuhi.

Ndiyo maana barabara yenye njia nne inapaswa kuwa na kisiwa cha katikati kilichoinuliwa, kipana cha kumtosha mtu kusimama na mtoto wake au na baiskeli. Kisiwa hicho huigawa safari mara mbili: unavuka mita 7 kwa sekunde 6 ukiangalia upande mmoja tu, unapumua, kisha unavuka nyingine 7 ukiangalia upande wa pili. Ikiwa mahali mnapovukia pana kisiwa cha namna hiyo, pitieni hapo hata kama mtazunguka kidogo.

Kuna hatari nyingine ambayo ningependa umfundishe mwanao tangu leo, kwa kuwa huwaua hata watu wazima wenye tahadhari. Kwenye barabara yenye njia mbili kwa kila upande, dereva mwungwana husimama ili mtoto apite. Mtoto hufurahi, hukimbia, na anapolipita lile gari lililosimama, gari la pili huchomoka ubavuni mwake kwa mwendo ule ule, kwa sababu dereva wake hakumwona mtoto, naye mtoto hakuliona gari. Mfundishe kwamba gari likisimama, asikimbie. Atembee hadi usawa wa ubavu wa gari hilo, asimame tena, achungulie, ndipo aendelee. Na kwa kuwa magari yetu hupita upande wa kushoto, jicho la kwanza ni la kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena kabla ya kukanyaga lami.

Kuhusu asubuhi, nakushauri jambo ambalo akina mama wa mitaa kadhaa wanalifanya bila kulipa jina: wazazi watano au sita wanaokaa jirani hupeana zamu, na kila siku mmoja wao huwakusanya watoto wote mahali pamoja, huwapanga wawili wawili, na kuwavusha kwa pamoja kwa saa isiyobadilika. Kundi la watoto 12 waliovaa sare moja huonekana kwa mbali, na dereva huona haya kulipita. Wewe unaweza kuchukua zamu ya jioni ikiwa ya asubuhi imekushinda.

*Assalamu alaikum. Mimi ni mzee wa mtaa huku Mshomoroni. Baada ya mtoto wa chekechea kugongwa na kuvunjika mguu karibu na shule, vijana wetu walikusanya mawe na udongo wakajenga matuta mawili. Siku ya tatu, usiku, bodaboda akaanguka hapo pamoja na abiria wake. Kisha likaja tingatinga likayaondoa. Tumepeleka barua mara mbili katika ofisi moja, na mara zote tumejibiwa kwamba barabara hiyo si yao. Je, barabara ni ya nani, na tufanye nini?* — Mzee wa Mtaa

Waalaikumu salaam, mzee wangu, na poleni kwa yaliyomfika mtoto huyo. Kwanza niungame kosa langu, kwa sababu linahusu swali lako hasa. Katika toleo lililopita niliandika kwamba barabara kuu ya Malindi iko chini ya mamlaka ya barabara za mijini. Si kweli. Barabara hiyo ni barabara kuu ya taifa na inasimamiwa na KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Ikiwa mtu anayeandika makala za namna hii anaweza kupotea, sishangai kwamba wazee wa mtaa wanazungushwa.

Mgawanyo wenyewe ni huu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu za taifa, KURA kwa barabara za mijini, na KeRRA kwa zile za mashambani. Baadaye Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikazikabidhi kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, pamoja na usimamizi wa magari na maegesho. Kwa hivyo katika mtaa mmoja wa Kisauni unaweza kutembea dakika kumi ukakanyaga barabara za wenyewe watatu, na kila mmoja akakuelekeza kwa mwenziwe. NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, inashughulikia usalama, leseni na elimu ya barabarani, lakini haijengi matuta.

Kujua mwenye barabara si jambo la kubahatisha wala la kumtafuta mtu unayemfahamu ofisini. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza ofisi ya umma kwa maandishi, na ofisi hiyo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Habari inayoombwa ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda huo hupungua hadi saa 48. Tena, ofisi ikiwa haina habari hiyo, haitoshi kusema "si yetu". Inapaswa kulihamisha ombi lenu kwa ofisi inayohusika ndani ya siku 5 na kuwajulisha. Andikeni basi barua ya tatu, itajeni sheria hiyo kwa jina na mwaka, na mwombe jambo moja tu: jina la ofisi inayosimamia barabara kutoka mahali fulani hadi mahali fulani. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri ni kama salamu zilizotumwa kwa njia ya mdomo.

Sasa matuta. Uchungu wa vijana naufahamu, lakini tuta la mawe na udongo lina ubaya wake, na mmeuona: halina alama, halina rangi, mteremko wake ni wa ghafla, na usiku humwangusha mwenye pikipiki badala ya kumpunguza mwendo. Tuta la duara la kawaida, lile lililofanyiwa majaribio Uingereza na kuigwa katika nchi nyingi, lina upana wa mita 3.7 kwa kufuata njia ya gari, na kimo cha sentimita 10 tu katikati. Kwa umbo hilo gari likienda polepole hupita bila taabu, na likija kwa kasi dereva hutikiswa mpaka akajuta. Kabla ya tuta huwekwa kibao, na tuta lenyewe huchorwa kwa rangi inayong'aa. Bora kuliko tuta tupu, nadhani, ni kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta lenye mgongo bapa ambalo juu yake imechorwa milia ya kuvukia. Hapo dereva hupunguza mwendo mahali hasa ambapo mtoto anavuka, si mita 50 kabla ya hapo halafu akakanyaga mafuta tena.

Mkishajua mwenye barabara, msiende na malalamiko matupu. Wekeni watu wawili kwenye eneo la shule kwa siku tatu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, na tena watoto wanapotoka. Wahesabu watoto wanaovuka kila robo saa, na mahali wanapovukia. Chukueni nambari za matukio ya ajali zilizoandikishwa katika kituo cha polisi, mchore ramani ya mkono ikionyesha lango la shule, steji, mtaro na duka la kona, kisha mwambatanishe yote hayo na ombi lenu. Mhandisi aliyeko ofisini hajawahi kusimama pale penu saa moja asubuhi. Mpelekeeni asubuhi hiyo mezani pake. Ikiwa barabara itathibitika kuwa ya kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inawapa haki ya kupeleka ombi rasmi katika Bunge la Kaunti, na mwakilishi wadi wenu ndiye mlango wa karibu. Ikiwa ni ya taifa, ombi liende kwa mamlaka husika, na nakala kwa mwakilishi wadi na mbunge.

*Mimi ni dereva wa matatu kwa miaka 14. Kila siku gazeti na redio hutulaumu sisi. Mbona hamsemi kuhusu wanaovuka popote wanapotaka, hata pale serikali ilipojenga daraja la kuvukia? Wanapita chini ya daraja, na wengine wanaruka ukuta wa katikati wakiwa na watoto.* — Dereva, Mtwapa

Kaka dereva, una haki ya kuuliza, na sehemu ya lawama yako naikubali: kuruka ukuta wa katikati ukiwa na mtoto mkononi ni kumfundisha mtoto huyo jambo ambalo siku moja atalirudia akiwa peke yake.

Hata hivyo, jiulize kwa nini watu walio timamu, wengi wao wakiwa abiria wako, wanalikwepa daraja. Daraja la kupita juu ya malori linahitaji kuinuka zaidi ya mita 5 kutoka kwenye lami. Kupanda kimo hicho ni ngazi zaidi ya 30, na kushuka ni nyingine kama hizo. Kwa mama mjamzito, kwa mzee mwenye magoti mabovu, kwa mchuuzi aliyebeba ndoo ya samaki kichwani, hiyo ni safari. Mwenye gari hapandi chochote, na mwenye miguu ndiye anayetakiwa kuzunguka. Usiku likikosa taa, wanawake huliogopa kuliko wanavyoyaogopa magari, na siwezi kuwalaumu. Daraja linafaa mahali ambapo magari hayawezi kusimamishwa kabisa, na likijengwa liwe na njia ya mteremko badala ya ngazi peke yake. Katikati ya makazi na masoko, kama vile Kongowea au Bombolulu, ningechagua kivuko cha usawa wa barabara chenye taa na kisiwa kabla ya kufikiria daraja.

Nawe nikuulize jambo moja. Steji yako iko wapi? Mara nyingi matatu husimama kabla tu ya kivuko, au juu ya milia yenyewe, kwa sababu hapo ndipo abiria walipo. Abiria anashuka, anapita mbele ya gari lako, na anayelipita gari lako kwa kasi hamwoni hadi amemfikia. Steji ikisogezwa mbele, baada ya kivuko, wanaoshuka huvuka nyuma ya gari, mahali wanapoonekana. Hilo ni jambo ambalo ninyi na chama chenu mnaweza kulipendekeza kabla hata mamlaka haijafika. Na mtoto akishuka, makanga amshike mkono hadi ukingoni, asimwachie huku gari likianza kuondoka. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kuhusu mwendo, sheria yetu inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji, nawe unajua ni wangapi wanaokiheshimu. Lakini hata 50 ni nyingi mbele ya shule. Dereva huhitaji kama sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga breki. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 katika sekunde hiyo moja, kabla breki haijaanza kushika. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa, kwenye lami kavu, huwa limekwisha kusimama kabisa ndani ya mita 13 au 14. Yaani mahali pale pale ambapo mwenye 30 amesimama na mtoto amepita, mwenye 50 ndiyo kwanza anaigusa breki. Ndiyo sababu mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm mwezi Februari 2020 ulitaka kikomo kiwe kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na waendao kwa miguu huchanganyika mara kwa mara. Kutoka mwanzo wa uzio wa shule hadi mwisho wake ni kama mita 200. Kwenda 30 badala ya 50 katika urefu huo kunakuchelewesha kwa sekunde 10 hivi. Tandiboi wako hupoteza zaidi ya hizo akitafuta chenji.

*Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa Gredi ya 8, Mikindani. Tunapotembea kwenye njia ya miguu, bodaboda na tuktuk hupanda juu yake wakati wa foleni na kutupigia honi tuwapishe. Je, wanaruhusiwa?* — Msomaji mdogo

Marahaba mwanangu. Hawaruhusiwi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kabisa chombo cha moto kuendeshwa kwenye njia ya waendao kwa miguu, iwe kuna foleni au hakuna. Hata hivyo, usibishane na pikipiki. Sogea upande wa ndani, mbali na lami, umwache apite, kisha mwambie mwalimu wako mahali na saa. Dawa ya kudumu ni nguzo fupi za zege zinazopandwa kwenye mdomo wa njia hiyo, zikiachana kwa nafasi ya kumpitisha mtu na kiti cha magurudumu lakini si tuktuk. Na kwa kuwa uko Mikindani penye malori, shika hili: dereva wa lori hukaa juu sana, na mtu mfupi aliyesimama karibu na pua ya lori hamwoni kabisa. Usipite mbele ya lori lililosimama hata kama injini imezimwa.

*Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi yenye wanafunzi zaidi ya 900, na lango letu linafunguka moja kwa moja kwenye barabara yenye shughuli nyingi. Bajeti ya shule ni finyu, na ahadi tumepewa nyingi. Ni jambo gani moja ambalo tunaweza kulifanya muhula huu?* — Mwalimu Mkuu, Changamwe

Mwalimu, hamisheni lango. Najua unalitarajia jibu la matuta au la kibao, lakini tazama ramani ya kiwanja chenu. Shule nyingi za mjini zina upande wa pili unaopakana na kichochoro au barabara ndogo ya mtaa, na upande huo umezibwa kwa ukuta tu kwa sababu lango kubwa lilijengwa zamani likitazama barabara kuu kwa ajili ya hadhi. Kutoboa mlango wa wanafunzi upande huo, na kuliacha lango kubwa kwa magari na wageni, kunagharimu mafundi wa siku chache, mlango wa chuma na mlinzi mmoja.

Hilo si wazo langu. Dar es Salaam, shirika la Amend kupitia mpango wake wa SARSAI limekuwa likizipitia shule moja moja zilizo katika hatari, likipima njia ambazo watoto wanazitumia, kisha likifanya marekebisho ya bei nafuu: njia za miguu, matuta, vivuko, nguzo za kuzuia magari, na pale inapowezekana, kuhamisha lango. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya WRI Ross, inayotolewa kwa miji na taasisi ya utafiti ya World Resources Institute, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Ninalolipenda katika kazi hiyo ni kwamba haikusubiri barabara mpya ijengwe, ilianza na ile iliyokuwepo.

Ikiwa hakuna upande wa pili, basi rudisheni lango ndani kwa mita 6 au 8 ili watoto wanapotoka kwa kishindo wajikute kwenye uwanja mdogo kabla ya lami. Kengele ya mwisho inapolia, mtoto hafikirii magari. Anafikiria nyumbani na viazi vya karai vinavyouzwa ng'ambo. Kwa hakika, zungumza na mama muuza viazi. Akihamia upande wa shule, utakuwa umepunguza nusu ya safari zisizo za lazima bila kutumia shilingi. Vivyo hivyo, yaondoe magari ya wazazi mbele ya lango. Kila mzazi anayemshusha mwanawe mlangoni kabisa anamzibia mtoto wa mwenziwe.

Mlinzi wa kivuko ni msaada mkubwa, ila awe mtu mzima aliyevaa koti lenye reflekta na mwenye kibao cha "Simama" mkononi, si mwanafunzi wa Gredi ya 9. Mtoto asipewe kazi ya kuyasimamisha magari. Na kabla mlinzi hajaanza, mpelekeni kwa askari wa trafiki wa eneo lenu ili amwelekeze na amjue.

Mvua za masika nazo zisisahaulike. Mitaro ya kando ikifurika au ikikosa vifuniko, watoto huacha njia ya miguu na kutembea juu ya lami, na dereva naye anayakwepa madimbwi yale yale. Kabla ya mwezi wa Aprili, zungukeni nje ya uzio, mhesabu mashimo, muandike.

*Mimi ni mwalimu wa madrasa huku Kisauni. Watoto wetu huja chuoni baada ya Alasiri na kurudi nyumbani karibu na Magharibi, wakati ambapo giza linaingia na magari ya wanaotoka kazini ni mengi. Tufanye nini, ilhali mjadala wote wa usalama huzungumzia shule za mchana tu?* — Ustadhi

Ustadhi, umegusa pengo ambalo mimi pia nilikuwa nalo, kwani hesabu zote za watoto nilizowashauri wengine hapo juu zinamalizika saa za kutoka shule. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro robo mwaka mzima, na giza huingia upesi, bila ule mwanga mrefu wa jioni wa nchi za kaskazini. Saa hiyo jicho la dereva halijazoea giza, taa za gari bado zinaonekana hafifu, naye yuko mbioni kufika nyumbani.

Wavulana wenye kanzu nyeupe wana nafuu kidogo. Wasichana wenye mabuibui meusi ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu chini ya taa za chini za gari, mtu aliyevaa nguo nyeusi huonekana anapokuwa mita 30 hivi, wakati mwingine pungufu ya hapo, na gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linahitaji karibu mita 28 ili kusimama. Hapo hakuna nafasi ya kosa lolote. Kipande cha utepe wa reflekta, kama ule unaoshonwa kwenye vizibao vya bodaboda, huonekana kwa zaidi ya mita 100. Hakuna haja ya kugusa vazi lenyewe: mshoneeni kila mtoto utepe huo kwenye mfuko wa juzuu, mbele na nyuma, na mwingine kwenye ukanda wa begani. Fundi cherehani mmoja anaweza kumaliza chuo kizima kwa siku mbili.

La pili ni saa. Ikiwa ratiba inaruhusu, waachilieni wadogo dakika 20 kabla ya Magharibi, na wakubwa waswali hapo chuoni kisha waondoke kwa makundi pamoja na mwalimu hadi wavuke. La tatu ni taa. Taa za mitaani, kama nilivyomweleza mzee wa Mshomoroni, ni jukumu la kaunti. Taa ya kivuko iwekwe kidogo kabla ya kivuko kwa upande ambao magari yanatokea, ili imulike ubavu wa mtoto anaoutazama dereva. Ikiwekwa nyuma yake, atabaki kivuli. Katika barua yenu taja nambari ya nguzo iliyozimika, kwa maana nguzo nyingi zimeandikwa nambari, na fundi akitumwa bila nambari huzunguka mtaa mzima akarudi ofisini kusema kwamba hakuiona.